Wanawake bungeni hawakuanza 2010: jibu kwa msomaji wa Kizingitini

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke wa Kizingitini, Lamu, nina miaka 27. Juzi hapa nyumbani kulizuka ubishi, ami yangu akasema ati bunge la Kenya halikuwahi kuwa na mwanamke mpaka katiba ya 2010 ilipowagawia viti vya bure, na tena huyo mwakilishi wa kike hana kura, anakwenda kukaa tu na kula posho. Mimi nafikiria kugombea 2027 na kila ninayemwambia ananijibu nitafute hicho kiti cha mwakilishi wa kike, ndio saizi yetu, ubunge niwaachie wanaume. Ni kweli hayo? Na nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Maneno ya ami yako nayasikia sana, barazani nayasikia, kwenye boti nayasikia, na wenye digrii zao pia wanayasema, kwa hiyo usimkasirikie mzee. Ila kasema mawili na yote mawili siyo, moja la historia na moja la sheria, na hilo la sheria lina ukweli kidogo uliopotea njia, nitakuonyesha ulikotoka.

Tuanze na historia. Lile baraza la kutunga sheria la mkoloni, wazee walikuwa wakiliita Legiko, lilianza 1907 na lilikuwa la wazungu wanaume watupu. Wanawake wa kizungu wakapewa kura 1919, na wa kwanza kuingia kwa kuchaguliwa alikuwa Lady Sidney Farrar, mwaka 1938, kwa kiti cha Nyanza, na usidhani alikuwa akiwawakilisha Wajaluo, alikuwa akiwakilisha walowezi wenzake. Mimi simtaji kwa kuwa alitufanyia lolote, namtaja kwa sababu 1938 ni miaka 72 kabla ya hiyo katiba anayoisema ami. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944 kwa kuteuliwa. Wanawake wa Kiafrika nao wakaja mwisho mwisho wa ukoloni, kwa kuteuliwa pia, kina Jemimah Gecaga na Priscilla Abwao, na huyo Bi. Abwao alikwenda mpaka London 1962 kwenye mkutano wa Lancaster House wa kujadili katiba ya uhuru, akaketi na ujumbe ambao karibu wote ni wanaume.

Na hapa nataka nikuambie jambo ambalo hata sisi wa pwani wenyewe tumelisahau. Wakoloni walikuwa wakigawa kura kwa rangi, mzungu kivyake, mhindi kivyake, mwarabu kivyake, mwafrika kivyake, sasa huku kwetu katika lile fungu la Waarabu, mwanamke hakuwemo, mwanamume wa Kiarabu anapiga kura mkewe hapigi, na wakati huo huo mwanamke Mwafrika aliyetimiza masharti ya elimu au mali anaruhusiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kina mama wa Mombasa wakaliandikia hilo, wakapeleka madai yao kwa serikali kwamba na wao wanataka kura. Ni kina mama gani hao? Ni wa buibui, waliozoea kukusanyika kwenye vyama vya ngoma ya lelemama, wana viongozi wao wa kike, wana michango yao, wana mashindano yao ya chama kwa chama, na kutoka kwenye ngoma zile wengine wakaingia vyama vya maendeleo ya wanawake wa Kiislamu na wakajua namna ya kusimama mbele ya serikali. Kwa hiyo mtu akikwambia siasa ya wanawake imeletwa na wazungu wa semina na kalamu za bure, mwambie aulize bibi zake lelemama ilikuwa ikiendeshwa vipi. Na akileta habari ya mila, Pate hapo, pua na mdomo na kwenu, ilikuwa na Mwana Khadija akikalia kiti cha usultani karne ya 18. Hilo la mila silipotezei muda zaidi.

Haya, uhuru ukaja 1963. Unajua bunge la kwanza la Kenya huru lilikuwa na wanawake wangapi? Sufuri. Baraza la Wawakilishi hakuna, Seneti hakuna. Wamepigania uhuru, wamefungwa kambini, wamepika, wamebeba barua, halafu siku ya kugawana viti hamna hata mmoja. Kwa kipande hiki ami yako angekuwa na haki, kama angesimama hapo 1963 asiendelee.

Mambo yakabadilika 1969. Grace Onyango wa Kisumu, mwalimu, aliyekuwa tayari meya wa mji huo tangu 1965, akagombea kiti cha Kisumu Mjini akakichukua, na ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Tazama vizuri: hakikuwa kiti cha wanawake, kilikuwa eneo bunge la kawaida, na hakuwekwa na mtu. Akachaguliwa tena 1974, akachaguliwa tena 1979. Na aliwahi kukikalia kiti cha spika kuongoza vikao, akiwaamuru wanaume wakae chini na wanakaa.

Hiyo 1974 ndio mwaka ninaoupenda mimi. Waliingia kina Dkt. Julia Ojiambo kutoka kule Busia, ambaye akafanywa waziri msaidizi, wa kwanza mwanamke kufika hapo. Akaingia Nyiva Mwendwa wa Kitui. Na akaingia msichana mdogo kuliko wewe, Chelagat Mutai, kiti cha Eldoret Kaskazini, alikuwa na miaka kama 24 au 25 hivi, ametoka chuo kikuu juzi juzi. Huyu hakwenda kukaa na kula posho. Aliwasema wakubwa waliojigawia ardhi na 1976 akashtakiwa kwamba amechochea wananchi katika mgogoro wa shamba la mkonge, akafungwa miaka miwili na nusu. Alipotoka, wananchi wakamrudisha bungeni uchaguzi wa 1979! Halafu 1981 akaandamwa tena na kesi nyingine ikabidi akimbilie Tanzania, akapoteza kiti. Mwisho wake haukuwa mzuri, aliishi maisha magumu mpaka akafariki 2013, na nchi ilimkumbuka kumlilia kuliko ilivyomkumbuka kumsaidia, hili huwa linanikera sana lakini tuliache.

Miaka ya themanini ilikuwa mibaya kwa kila mtu mwenye mdomo, mwanamume au mwanamke, chama kimoja, 1988 watu wakapangwa foleni nyuma ya picha ya mgombea badala ya karatasi ya siri. Kina Phoebe Asiyo wa Karachuonyo na Grace Ogot wa Gem walikuwemo humo ndani lakini idadi ilibaki ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Vyama vingi vilipokuja 1992 wakachaguliwa sita kwa mpigo, ndimo alimotokea Martha Karua na Charity Ngilu. 1995 Nyiva Mwendwa akawa waziri kamili, wa kwanza mwanamke, miaka 32 baada ya uhuru, yaani mtoto aliyezaliwa siku ya bendera alikuwa ashaoa na ana watoto. 1997 Phoebe Asiyo akaleta hoja bungeni ya kutaka wanawake watengewe nafasi, ikaangushwa, na mwaka huo huo Ngilu na Wangari Maathai wakagombea urais kabisa.

Sasa pwani. 1997 waliochaguliwa maeneo bunge nchi nzima walikuwa wanne tu, na mmoja wao ni wa kwetu, Marere wa Mwachai wa Msambweni. 2002 akaja Dkt. Naomi Shaban, daktari wa meno, akachukua Taveta na akakaa nayo mihula minne mpaka 2022. Na Lamu yetu hii, kabla ya katiba mpya kuanza kufanya kazi, tulikuwa na Shakila Abdalla aliyeteuliwa mbunge baada ya uchaguzi wa 2007. Kwa hiyo kabla hicho kiti anachokisema ami hakijawahi kupigiwa kura hata mara moja, mwanamke wa Lamu alikuwa ashaapishwa bungeni. Mwulize ami kama hakumbuki, manake wakati ule alikuwa mtu mzima.

Hiyo ndio historia. Tuje kwenye sheria.

Katiba ya 2010 ibara ya 97 inasema Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 mmoja kila kaunti, 12 wa kuteuliwa na vyama, jumla 349, halafu spika. Huyo mwakilishi wa kike ni mbunge kamili. Anapiga kura kwenye kila mswada sawasawa na mbunge wa Lamu Magharibi au wa Malindi, anakaa kwenye kamati, analeta miswada, mshahara mmoja. Na anachaguliwa na watu wote wa kaunti, wanaume na wanawake, ami yako mwenyewe ana ile karatasi yake ya rangi nyingine siku ya kura, aliiweka sandukuni au aliikunja akaenda nayo nyumbani?

Basi yale maneno ya "hana kura" yalitoka wapi? Mimi nadhani yalitoka Seneti. Kule kuna wanawake 16 wanaoteuliwa kupitia orodha za vyama, na katika mambo yanayohusu kaunti, ibara ya 123 inasema kila kaunti ina kura moja tu na anayeipiga ni yule seneta aliyechaguliwa, kwa niaba ya ujumbe wa kaunti yake. Kwa hiyo seneta wa kuteuliwa anaweza kuchangia mjadala mpaka sauti ikauke lakini ikifika kura ya namna hiyo haibonyezi yeye. Watu wakasikia habari hiyo nusu nusu wakaihamishia kwa mwakilishi wa kike, na ikashika.

Tofauti ya kweli ya mwakilishi wa kike na mbunge wa eneo ni pesa. Mbunge wa eneo ana CDF, yaani pesa za maendeleo ya eneo bunge, ndiyo inayojenga madarasa na kulipa basari, na ndiyo inayomfanya aonekane. Mwakilishi wa kike ana mfuko wake wa NGAAF, ni mdogo sana ukiulinganisha, na unatakiwa ugawiwe kaunti nzima. Kwa hiyo mwananchi wa Ndau au Mkokoni haoni jengo lenye jina lake, anasema huyu kafanya nini. Sio kwamba hakufanya, ni kwamba kibakuli ni kidogo na wageni ni wengi.

Na kukaa tu? Hata wa kuteuliwa, ambaye ndiye anadharauliwa kuliko wote, anaweza kuacha alama. Sheria ya makosa ya ngono ya 2006, inayotumika leo kumfunga mtu aliyemnajisi mtoto, ililetwa bungeni na Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, katika bunge la watu 222 ambamo wanawake hawakufika hata 20. Maana yake alilazimika kuwashawishi wanaume mmoja mmoja, wengine wakimcheka wazi wazi, na kuna vipengele ilibidi avikubali vitolewe, kile cha mume kumlazimisha mke kikatupwa nje, ndipo mswada ukapita. Leo ni jaji wa Mahakama ya Juu.

Sasa hili la theluthi mbili ulilolisikia kwenye redio, hukuliuliza lakini bila hilo jibu halikamiliki. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Kwenye mabunge ya kaunti imeweka na njia: baada ya uchaguzi, wanawake wakipungua wanaongezwa wa kuteuliwa mpaka hesabu itimie, ndio maana bunge la kaunti ya Lamu lina wadi 10 lakini madiwani wanazidi 10. Kwenye Bunge la Taifa njia hiyo haikuwekwa, namba zimeshafungwa. Theluthi ya 349 ni kama 117. Uchaguzi wa 2013 wanawake walikuwa 68 pekee: 16 wa maeneo bunge, 47 wa kaunti, 5 wa kuteuliwa. Pengo la watu 49. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshatoa maoni Desemba 2012 kwamba bunge litunge sheria ya kulitatua kabla ya tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikafika, wakajiongezea mwaka. 2016 mswada ukaletwa, ulihitaji kura 233, ukapata 195, ukarudishwa baada ya siku chache ukapata 178, yaani mara ya pili watu walikwenda zao chai. Februari 2019 ukaja mwingine, kura 174. Ndipo Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamwandikia rais kwamba bunge hili limevunja katiba na livunjwe, na bunge likakaa mpaka muda wake ukaisha kana kwamba barua ile ilipeperushwa na kaskazi.

Watu wazima wanakuambia tatizo ni gharama, ati kuongeza wabunge ni kuongeza mishahara, na mimi nakubali kuna hoja hapo, tunalipa wabunge wengi. Lakini kuna njia isiyoongeza hata shilingi: vyama viwape wanawake tiketi kwenye maeneo vinakojua vitashinda. Nchi nzima kila mtu anajua eneo gani ni la chama gani. Sijaona chama kikubwa kikifanya hivyo kwa moyo, wanawake wanapewa tiketi kule chama kinakokwenda kuaga.

Pamoja na yote hayo namba za maeneo bunge zinapanda zenyewe, 16 mwaka 2013, 23 mwaka 2017, na 2022 zikakaribia 30. Na pwani kuna mwendo mmoja ambao ningependa uutazame sana kwa sababu ndio unaojibu lile la "saizi yetu". Aisha Jumwa alikuwa mwakilishi wa kike wa Kilifi 2013, 2017 akagombea ubunge Malindi akashinda. Mishi Mboko alikuwa mwakilishi wa kike wa Mombasa 2013, 2017 akaingia Likoni, na 2022 akarudi. Ruweida Obo alikuwa mwakilishi wa kike wa Lamu 2017, na 2022 akachukua Lamu Mashariki, kwenu hapo, kiti ambacho miaka yote kilikuwa cha wanaume. Na Malindi alipotoka Aisha akaingia mwanamke mwingine, Amina Mnyazi, ambaye hakupitia kiti cha kaunti. Kwale nako Fatuma Achani alikuwa naibu gavana mihula miwili, 2022 akawa gavana. Kwa hiyo kile kiti ami anachokiita cha bure, wanawake wa pwani wamekifanya darasa, mtu anajifunza humo kampeni na bunge lilivyo, halafu anakwenda kumkabili mwanamume kwenye eneo lake.

Sio kwamba wakifika wanastareheshwa. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, mwakilishi wa kike wa Kwale, aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi mitano mkononi kwa sababu siku ile hakuwa na wa kumwachia na hakukuwa na chumba cha mtoto pale bungeni, ingawa chumba hicho kilikuwa kimezungumzwa miaka. Kelele zikaanza, wengine wanacheka, wengine wanasema aibu, spika wa muda akamwamuru atoke, na wanawake wenzake kadhaa wakainuka wakatoka naye. Watu wengi walimlaumu, na hata wanawake wa kwetu nilisikia wakisema kajishaua. Mimi naona alifanya jambo la maana sana kwa dakika zile chache, sababu mpaka siku ile hakuna aliyejiuliza mbunge anyonyeshaye anaketi wapi, bunge lilijengwa kwa mtu ambaye kuna mtu mwingine nyumbani anamlelea.

Haya, nianzie wapi.

Hesabu kwanza. Sensa ya 2019 Lamu nzima ilikuwa na watu 143,920. Lamu Mashariki peke yake 22,258, Lamu Magharibi 121,662. Sasa wanaokwambia kiti cha mwakilishi wa kike ndio saizi yenu wamegeuza mizani juu chini, kile kiti kwa mtu wa Kizingitini ni zaidi ya mara sita ya eneo lenu. Kura zake nyingi ziko Mpeketoni, Witu, Hindi, Hongwe, Mkunumbi, huko wewe hujulikani, hujui lugha yao ya shida, kuna mambo ya ardhi na mifugo ambayo hujawahi kukaa nayo, na una gari la kukodi kila siku. Ubunge wa Lamu Mashariki ni Faza, Kiunga na Basuba, wadi tatu tu, wapigakura wachache, na nusu ya watu wanajua wewe ni binti wa nani.

Ila udogo usikudanganye. Lamu Mashariki inauma kwenye mafuta. Kutoka Kizingitini kwenda Kiunga ni bahari ya nje, kusi likivuma boti haziendi au zinakwenda kwa bei ya mtu anayejua huna njia nyingine. Ukitoka Lamu mjini kurudi Pate, ule mlango wa bahari wa Mkanda ukikupwa unangoja, na ukingoja mkutano wa saa kumi unakuwa wa magharibi, na wa magharibi unakuwa baada ya isha, na hapo mgombea mwanamume anaendelea wakati wewe watu wanaanza kuuliza analala wapi, nani kaandamana naye. Nakuambia bila kuficha, hili limewavunja wanawake wengi kuliko ukosefu wa sera. Dawa yake ni kufanya mikutano yenu ya asubuhi nyumbani kwa watu, kina mama watano sita, kwenye maulidi, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, na kutembea na kaka au mjomba na mama mtu mzima anayeheshimika, mapema, sio mwezi wa mwisho. Na panga safari kwa kalenda ya bamvua, yaani ya maji kujaa na kupwa, usipange kwa kalenda ya ukutani.

Kama hujulikani kabisa nje ya Kizingitini ningekushauri wadi ya Faza kwanza. Najua udiwani unaonekana mdogo, lakini Grace Onyango alipitia baraza la mji kabla ya bunge. Uteuzi wa kwenye orodha za chama usiufanye ndio mpango, maana orodha hiyo inaandikwa na watu wachache chumbani na jina lako linaweza kushuka usiku mmoja. Ukiupata chukua, jifunze, lakini ujue diwani wa kuteuliwa hana wadi na mwananchi hamdai kitu wala yeye hamdai mwananchi kura.

Tiketi ya chama ni nzuri kama chama kina nguvu kwenu, lakini Lamu tumeshaona haikai peke yake: 2022 mwakilishi wa kike, Monicah Marubu, alishinda akiwa mgombea huru. Ukitaka kuwa huru, kwa ubunge unahitaji wapigakura wasiopungua 1,000 wa eneo lenu wa kukuunga mkono, kwa udiwani 500 wa wadi, na wewe mwenyewe usiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Hapo ndipo wengi wanakwama, waliwahi kuandikishwa chama wasijue, kwa hiyo kagua jina lako kwa Msajili wa Vyama mapema na kama limo ujitoe kwa maandishi na ubaki na karatasi. Ada ya tume ya uchaguzi 2022 ilikuwa shilingi 20,000 kwa ubunge na wanawake wakalipa nusu yake, ada za vyama ni hadithi nyingine na huwa kubwa zaidi.

Uchaguzi unaangukia Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Hukuniambia unafanya kazi gani. Ukiwa mwajiriwa wa serikali, mwalimu au muuguzi, sheria inakutaka uache kazi miezi sita kabla ya hapo, kwa hiyo barua ya kujiuzulu iwe imefika mwanzoni mwa Februari na iwe imegongwa muhuri wa kupokelewa, na mshahara wa mwisho uwe ushapangiwa matumizi kabla hujaiandika. Niandikie tena ukishajua ni wadi au ni bunge, manake fomu ni tofauti.